Milango ya Nyuma ya Mji wa Uongo

Mimi Abbo, fundi wa matofali, nimejenga mji mzima usiokaliwa na mtu! Maduka ishirini, kanisa na ofisi ya forodha, hapa Iyolwa, vyote vya wanajeshi kufanyia mazoezi. Ukiingia dukani hukuti hata chumvi. Lakini kuta ni zangu, na fomani ni mimi, mpende msipende.

Siku ya ukaguzi Afande Patroba, mkubwa wa mazoezi, alinikazia macho.

"Abbo, ramani haina milango ya nyuma. Hii ishirini umetoa wapi?"

Nikashtuka. Mikono ilikuwa imejenga yenyewe! Nimelelewa Busia, mpakani, dukani kwa mama, na sukari yetu ya ng'ambo huingilia nyuma, forodha wasijue. Duka lisilo na mlango wa nyuma kwetu ni kabati tu.

"Ziba yote leo, ama kazi nampa Osinya."

Osinya! Yule fundi ambaye kuku akirukia ukuta wake, ukuta unatetemeka! Damu ikanichemka.

"Afande, maduka ya kwetu Busia ndivyo yalivyo. Nipe dakika kumi. Mimi nitajifanya mtu wa magendo. Vijana wako wakinishika, naziba mwenyewe na kazi nakuachia."

"Haya, kimbia!"

Wee! Nilikata mbuga. Naingia duka la kwanza kwa mbele, natokea nyuma, nazama la pili, naibukia kanisani. Filimbi, mabuti, "Yuko huku! Hapana, kule!" Askari thelathini wanagongana vifua milangoni, na mimi nakimbia huku nacheka kwa raha. Dakika ya tisa nilikuwa nimekaa kitini kwa afande, nyuma ya mgongo wake.

"Afande, chai yako imepoa."

Askari walipiga makofi. Afande mwenyewe akanipa mkono.

"Milango inabaki. Na wewe unabaki."

Niliruka juu, haki ya Mungu! Kisha akatoa daftari.

"Sasa niambie, huu ni mtaa gani wa Busia? Kesho nakwenda kuuona."

Nikakumbuka duka la mama.

"Hakuna mtaa, afande. Ni akili yangu tu."

Alitabasamu, akaandika. Nami nikajificha nyuma ya kanisa langu, nikapiga simu.

"Mama, ziba mlango wa nyuma. Leo leo!"

"Nani ataziba, na fundi uko huko?"

Nikautazama mji wangu na milango yake ishirini.

"Naja mwenyewe, mama," nikasema. "Naja na saruji."