Tumbo Lililopewa Kitambulisho

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mwonjaji mkuu wa kiwanda cha soda alimeza bilauri ya saba ya kinywaji kipya kisicho na sukari, akafuta midomo, na tumbo lake likatoka. Lilishuka kitini kwa uangalifu, likapita chini ya meza ya maabara, likashika njia ya kantini kama kila siku. Kwa miaka minane ulimi ulikuwa ukiliahidi sukari mara saba kwa siku, na mara saba halikuletewa kitu. Mvumilivu hula mbivu, lakini lazima kwanza kuwe na mti.

"Dada, mgeni wako amefika," mpishi wa kantini alimwambia kwa simu. "Amemaliza mkate mzima, sasa anagonga masufuria."

"Mpe wali, shemeji, na usibishane naye."

Ilipotimia saa tano na dakika kumi, kanuni ilimtaka mwonjaji ajaze fomu yenye swali moja: je, saa moja baada ya kunywa, anahisi njaa? Alijipapasa chini ya mbavu. Palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Akaandika "Hapana," na alikuwa akisema kweli. Ila vidole vyake havikutulia. Viligonga meza hadi jioni.

Kuhusu vinywaji vya aina hiyo, wataalamu hawakuwa na kauli moja. Mmoja alisema mwili haupendi kudanganywa, wa pili alisema mwili haujali, na wa tatu, aliyegharimiwa na kiwanda, alisema wenzake wote wawili wana hoja.

Nyumbani, mama yake, aliyekatazwa sukari na daktari, alikisubiri kinywaji hicho kwa hamu.

"Sahihi ya kukipitisha utaweka wewe?"

"Mimi, mama."

"Basi nitakinywa kama maji. Mtoto niliyemzaa hawezi kuninywesha uongo."

"Ungengoja kidogo."

"Nina miaka sabini na mmoja. Ningoje nini, meno yaote?"

Mwonjaji alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, akazikunjua, akazikunja tena. Asubuhi alikwenda kazini na mkanda mpana wa marehemu baba yake, akajifunga kabla ya bilauri ya kwanza. Baada ya ile ya saba tumbo lilipiga mateke, likasihi, likatukana. Mkanda haukuachia. Kufikia saa tano na dakika kumi mwonjaji alikuwa na njaa ya miaka minane. Alitafuna kifutio, akaandika "Ndiyo" kwa nguvu hata karatasi ikachanika.

Meneja wa ubora aliisoma fomu akiwa amesimama.

"Hii haifai."

"Nimeandika ninachohisi, bosi."

"Umeandika anachohisi mtu aliyefungwa mkanda. Kanuni inasema mwonjaji apimwe katika hali yake ya kawaida. Hali yako ya kawaida, mama, ni kutokuwa na tumbo."

Mwonjaji aliisoma kanuni mara mbili na hakuona kosa. Mchana huohuo tumbo lilipewa kitambulisho chenye picha, ili walinzi wasilicheleweshe mlangoni, na mwonjaji akapewa fomu mpya. Alivua mkanda, akajaza kama kawaida.

Kinywaji kilitoka na maneno "Hakiongezi njaa" kwenye chupa, na sahihi yake chini. Wiki ya tatu, matumbo ya watu yalianza kupanga foleni mbele ya duka la mikate lililotazamana na kiwanda. Mwenye duka aliongeza tanuri, akabandika tangazo la kuyaomba yasisukumane.

Mwonjaji alilitambua moja kwa mwendo wake: kila hatua kumi lilisimama na kuegemea ukuta. Akavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," tumbo lilijibu. "Foleni inaanzia wapi?"

Aliyaomba radhi yaliyotangulia, akalipeleka mbele. Alilionyesha mkate wa unga usiokobolewa. Tumbo liliutazama kwa adabu, kisha likachagua keki ya ghorofa mbili iliyopakwa sukari juu hadi chini.

"Kuna harusi?" muuzaji aliuliza.

"Hapana," mwonjaji alisema. "Ametoka kunywa soda."

Muuzaji aliirudisha keki ile rafuni, akawaletea ya ghorofa tatu.