Frigo ya Mukantabana

Saa tatu asubuhi frigo ilikwama mlangoni. Nusu yake ilikuwa ndani kwa Mukantabana, nusu nje uani, na wanaume wawili walikuwa wanaisukuma huku wanatukana. Mmoja alikuwa Valens, shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Mwingine alikuwa Bayingana, ajenti wa kampuni ndogo inayouza umeme wa maporomoko hapa Masisi.

"Mama Umulisa, tosha ile meza!" Bayingana alifoka. "Inspekta anakuya sasa hivi."

Mukantabana akaitoa. Meza ilikuwa hiyo moja tu, kwa hiyo sufuria zikaenda chini.

Frigo haikuwa yake. Ilikuwa ya Emérita, mke wa Valens, mwenye nyumba ya bati jipya katika ua ule ule. Mukantabana alikuwa na ampule mbili za taa na tundu moja la kuchajia simu, basi. Lakini kwenye karatasi za kampuni mambo yalikuwa kinyume: Emérita ndiye wa ampule mbili, tarifu ya kwanza, malipo ya maskini. Mukantabana alikuwa tarifu ya tatu, ya wenye frigo, télé na pasi ya umeme. Mita hakuna. Zinakuja, zimo njiani, Bayingana husema hivyo kila mwezi. Mpaka zifike, mtu analipa alichoandikiwa.

Na nani aliandikisha? Yeye mwenyewe! Mdomo uliponza kichwa.

Siku ya kuhesabu vyombo, Bayingana alianzia kwa Emérita. Emérita amewazoea waandikishaji wa misaada, wale wa mahema na maharage. Anajua ukiulizwa una nini, huna kitu. Alifunika frigo kwa kitenge, akaweka picha ya Bikira Maria juu yake, akakaa mbele na uso wa matanga. "Ampule mbili, kaka, na mateso." Mukantabana aliyasikia yote kupitia ukuta wa mbao, wivu ukampanda. Kila Jumapili alimwona mwanamke huyo akiwauzia watu wanaotoka misa yaourt, maziwa ya mgando ya baridi. Ng'ombe wao wanalala zizi moja, wanakula kilima kimoja, lakini maziwa ya Mukantabana yanachacha kabla ya saa sita, anawamwagia nguruwe wa watu.

Bayingana alipoingia kwake akacheka puani. "Hapa hakuna kitu, eh?"

"Nani amekwambia?" Mukantabana alijibu kwa sauti ya kuvuka ukuta. "Niko na frigo! Iko kwa fundi. Niko na télé, niko na fer ya nguo."

Alitaka tu Emérita asikie. Alisikia vizuri sana. Bayingana naye hakuwa mjinga: wakubwa wake walikuwa wanauliza ni nani katika ua ule anayekula umeme wa frigo, na sasa frigo ilikuwa imepata jina la mtu. Tangu siku hiyo hupita kwa Emérita kunywa soda baridi, na hajawahi kuombwa hela.

Utauliza, kwa nini hakuacha akatiwe umeme? Akae gizani, Emérita anawaka pale kando? Afadhali kaburi. Mwaka mzima alilipa, akala mihogo bila mboga, akauza ng'ombe, mpaka akabaki na mmoja wa maziwa, ambaye naye Rukara mchinjaji angekuja kumchukua Ijumaa. Ndipo akapeleka malalamiko ofisini, na ofisi ikamtuma inspekta aje aone kwa macho. Kazi ya Mukantabana leo ilikuwa kusema maneno mawili: si yangu.

Frigo iliingia. Ikachomekwa, ikaanza kunguruma. Valens alifuta jasho, akauliza kwa upole:

"Shemeki, inspekta akikuuliza, utasema nini?"

"Nitasema ukweli."

"Sawa. Ng'ombe yako inakula majani ya nani?"

Mukantabana akainama kuokota sufuria.

"Mudogo wangu alikuacha na ng'ombe. Hakukuacha na kilima."

Wakatoka. Mukantabana akabaki peke yake na kile kitu cheupe. Akafungua mlango wake, baridi ikampiga usoni. Chupa za yaourt zilikuwa zimepangwa safu mbili. Alichukua moja akainywa yote akiwa amesimama. Ee Mungu, ilikuwa tamu, na utamu huo ulimchukiza.

Inspekta alifika kwa pikipiki. Alikuwa dada kijana, jina lake Bénédicte, mpole, viatu vimejaa tope. Aligusa ubavu wa frigo, akasikiliza.

"Mama, hii frigo ni yako?"

Bayingana aliangalia kalamu yake. Nje, Valens alikuwa amesimama kando ya ng'ombe wa Mukantabana, mkono juu ya mgongo wa mnyama.

"Ndiyo, njo yangu," Mukantabana akasema. Aliona aibu, kwa maana mdomo ulifurahi kusema hivyo.

"Basi malalamiko yako haina msingi." Bénédicte akagonga muhuri. "Lakini nisiondoke bure, Mama. Ampule inakula kidogo. Frigo inakula muchana na usiku, hata ukilala. Muntu anapashwa kuyua nyumba yake inakula nini, njo achague tarifu ya kumufaa. Kama hii inakushinda, uuzishe frigo. Angalia jirani yako pale: ampule mbili, na anaishi vizuri."

Alimwachia karatasi, akaenda zake.

Pikipiki haijafika barabarani, frigo ilikuwa imesharudishwa kwa mwenyewe. Emérita akaifungua, akahesabu kwa kidole.

"Moja haiko. Nani amekunywa yaourt yangu?"

Wote wakamgeukia Mukantabana.

"Frigo ni yangu," akasema, akiinua karatasi. "Iko na muhuri."

Valens alicheka. Bayingana alicheka zaidi, huku anajichagulia soda. Emérita hakucheka.

"Utaniletea litre moja ya maziwa. Na usitie maji."

Mukantabana akaenda kwake, akarudi na ndoo, akapima litre pale pale mbele yao, asije akaambiwa kesho kwamba hakuleta. Emérita alionja kwanza kwa ncha ya kidole, ndipo akayaweka kwenye frigo.