Gamba la Mgeni

Kila mwisho wa mwezi, saa sita mchana, Mgeni alivua shati nyuma ya ghala la kiwanda cha saruji na kumgeuzia mgongo mshonaji wa mifuko. Mshonaji aliingiza kidole chini ya gamba, akalibandua taratibu, kama mtu anayebandua plasta. Halikuuma. Watu wa sayari ya Mgeni hawana mapafu wala hawakohoi. Vumbi wanalovuta hupenya mpaka mgongoni, likaganda huko. Mwenye gamba hawezi kujivua. Huvuliwa na mtu anayekula naye, na kwa desturi yao, aliyelivua ndiye hulichukua.

Aliitwa Mgeni ingawa alikuwa na miaka sita pale. Wahenga husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; yeye alipewa koleo siku ile ile aliyotua.

Mwezi ule gamba lilikuwa zito. Mshonaji alilipeleka nyumbani, na mkewe akaliweka kwenye mizani ya unga. Kilo moja na robo.

“Hili la mwezi mmoja?”

“Mmoja.”

Mke alimtazama mumewe, aliyekaa ukingoni mwa kitanda akikohoa. Yeye na Mgeni walifanya kazi bega kwa bega, chini ya bomba moja la kumwaga saruji.

“Na lako linatokea wapi, baba watoto?”

“Langu halitoki.”

Asubuhi mke alilifunga gamba kwenye kanga, akalipeleka kwa meneja. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamwita fundi wa maabara. Fundi aliliweka kwenye mashine ya kukandamiza matofali. Halikupasuka.

“Saruji safi kabisa hii,” alisema fundi.

“Mimi nimekuja kuulizia kifua cha mume wangu,” mke alisema.

“Pole sana, mama,” meneja alisema, na kweli alisikitika. “Tatizo tumeliona. Tutalishughulikia.”

Wiki ya tatu baada ya hapo wakaletwa wageni wengine arobaini kutoka sayari ya Mgeni, kwa kuwa hawakohoi. Wapakizaji wa mifuko, wanaokohoa, wakarudishwa makwao. Mshonaji alibaki, maana wageni wana vidole viwili tu, hawawezi kutunga uzi.

Alhamisi moja, katikati ya zamu, mshonaji alizima cherehani, akaketi juu ya mifuko akihema. Mgeni alikuja, akampapasa mgongo akitafuta ukingo wa gamba. Hakuupata. Akapapasa tena, polepole zaidi.

“Acha tu, ndugu yangu,” mshonaji alisema.

Kwao, mtu ambaye gamba limemkwama ndani hana dawa. Hukaliwa. Ndugu huja wakakaa naye, hawasemi kitu, na hawaondoki mpaka yaishe. Mgeni aliketi. Wale arobaini wakaweka makoleo chini, wakaja mmoja mmoja, wakaketi kumzunguka.

Msimamizi alizima mtambo, akawapa robo saa, kwa heshima, kisha akapuliza filimbi. Hawakuinuka. Basi akawasha mtambo hivyo hivyo, na vumbi likawashukia wote.