Ndiyo Tisa za Tusekile

Mwanakhamisi binti Othmani alikuwa nesi wa kliniki moja ya kina mama pale Iringa mjini. Kilemba chake cheupe alikipiga wanga mpaka kikasimama chenyewe, na mwandiko wake wa darasa la nne uliupita hata wa karani. Ndiyo maana mwaka ule wa hamsini na nne, daktari mgeni alipokuja na karatasi yake kutoka Ulaya, alimkabidhi yeye.

Ilikuwa karatasi ya kupima akili. Kila mama mwenye mtoto mchanga aulizwe maswali kumi na mawili, naye ajibu ndiyo au hapana, basi. Zikifika ndiyo saba, mama huyo ahesabiwe mgonjwa, na Jumatatu apande lori kwenda Dodoma kwa madaktari wa akili. Mtoto abaki.

Siku ya Alhamisi akaja Tusekile, mke wa Anyitike dereva wa malori ya idara ya barabara, Mnyakyusa wa Tukuyu. Alimbeba mwanawe Fanueli, wa miezi minne, mwenye kikohozi. Kanga safi, mtoto kapakwa mafuta hadi kwenye mikunjo ya shingo. Mwanakhamisi akampenda hapo hapo.

"Kuna mtu unajificha asikuone?"

"Ndiyo, mama. Kila siku."

"Kuna njia unaogopa kupita?"

"Ndiyo. Ile ya mbele ya nyumba yetu."

"Umewahi kuacha kazi ukakimbia?"

"Eh! Juzi tu. Nilikimbilia nyuma ya choo, uji ukaungua wote." Akacheka mpaka mtoto naye akacheka.

"Kuna maneno unaogopa kuyatamka?"

"Mengi tu, mama."

Alijibu kwa furaha, kama mwanafunzi anayejua somo lake. Kalamu ya Mwanakhamisi ndiyo iliyokuwa ikizidi uzito. Alipohesabu, akapata ndiyo tisa.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani. "Pole sana," akasema. "Alale hapa mpaka Jumatatu."

"Dodoma?" Tusekile alishtuka alipoambiwa. "Nimekosa nini, mama? Si nimejibu yote?" Akamkumbatia Fanueli, na usiku kucha hakumweka kitandani.

Mwanakhamisi naye hakulala vizuri. Asubuhi alimpelekea chai ya maziwa na kiazi cha moto, akaketi kando yake. "Mwanangu, hebu niambie. Huyo unayejificha ni nani?"

Tusekile akamtazama, akishangaa mtu mzima kuuliza jambo la namna hiyo. "Si ni baba mkwe! Amekuja kumwona mjukuu wake. Kwani ninyi mnawatazama wakwe zenu usoni?"

Hapo ndipo Mwanakhamisi alipofundishwa. Mke wa Kinyakyusa haonani na baba mkwe wake, hakanyagi anapopita yeye, wala hatamki jina lake. Hiyo ndiyo adabu, tangu siku ya ndoa. Kule kwao migomba ni mingi, mtu anachepuka tu na shughuli zinaendelea. Lakini hapa mjini, kwenye chumba kimoja na jiko la uani, tena mzee akipenda kuota jua mlangoni!

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

"Ningesemaje, mama? Karatasi ilitaka ndiyo au hapana."

Mwanakhamisi alicheka mpaka kilemba kikainama. Kisha akakinyoosha. Daktari angetaka ushahidi.

Jumamosi akachukua karatasi tano, akaenda kwenye nyumba za madereva. Wake watano wa Kinyakyusa, wote wazima, walikuwa wakimenya ndizi. Mkubwa wao, Ikupa, hakungoja swali liishe.

"Kujificha? Dada, andika ndiyo kubwa! Mimi nilijificha bandani na beberu kutwa nzima. Mume wangu alikataa kunikaribia siku tatu."

"Na uliporudi ulinuka vilevile kama siku zote," akadakia mwenzake.

"Nyamaza wewe uliyeingia kwenye pipa la maji!"

Zikapatikana ndiyo nane, tisa, tisa na kumi. Ikupa akapata kumi na moja. "Nimewashinda?" akauliza, akapiga vigelegele.

Jumatatu lori liliegeshwa langoni. Tusekile aliketi ofisini na kifurushi chake, Fanueli mapajani. Mwanakhamisi akaziweka zile karatasi tano mezani.

"Wote watano ni wagonjwa?" daktari akauliza.

"Wazima, bwana daktari. Karatasi ndiyo haiwajui."

Daktari akakuna kidevu. "Labda ugonjwa umeenea."

Mara ikapigwa hodi barazani. Baba mkwe mwenyewe! Koti refu la jeshi, mkungu wa ndizi begani, amekuja kudai mjukuu wake. Tusekile akamrushia Mwanakhamisi mtoto, akazama chini ya meza ya daktari, katikati ya viatu vyake. Mzee alipoona pindo la kanga, papo hapo akageuka, akaukabili ukuta.

"Bwana daktari," akauambia ukuta, "mke wa mwanangu ana kosa gani? Mwezi mzima nimekula chakula chake kitamu, na uso wake sijauona hata mara moja. Nyumba ndogo vile! Kwetu mke wa namna hii tunamsifu."

Daktari akamtazama mzee aliyekuwa akiongea na ukuta. Akainama, akamtazama Tusekile. Akainuka amekuwa mwekundu kama nyanya, akicheka hadi machozi.

"Kwa karatasi hii," akasema, "na mzee pia aende Dodoma!"

Akachukua kalamu, akazifuta zile ndiyo tisa moja moja. Lori likaondoka na magunia ya mahindi tu. Mzee akaombwa aendelee kuutazama ukuta kidogo, na Tusekile akatoka kwa mlango wa nyuma, Fanueli mgongoni, akikimbia kama msichana.

"Sasa nitawajuaje wagonjwa wa kweli?" daktari akauliza.

"Waulize kina mama wenyewe cha kuuliza," akajibu Mwanakhamisi.

Jumatano baraza ilijaa wanawake, Wanyakyusa, Wahehe na Wabena, kila mmoja na swali lake, na Ikupa akiwanyamazisha kwa sauti iliyozidi zote. Wakabishana mpaka mchana. Swali la kwanza walilokubaliana lilikuwa hili: "Wiki hii umecheka na nani, na mlicheka nini?" Mwanakhamisi akaliandika kwa mwandiko wake mzuri, akaacha mistari sita mitupu chini yake, maana jibu la Ikupa peke yake lilihitaji mitano.