Stesheni Arobaini na Sita

Chumba cha kusafisha damu kilikuwa na viti vinane na mashine nane, na kila mgonjwa alikijua kiti chake kama anavyokijua kitanda cha nyumbani. Cha tatu kilikuwa cha Bibi Pindo, fundi cherehani aliyeshona sare za shule miaka thelathini na tano mpaka figo zake zilipogoma. Cha nne kilikuwa cha dereva wa malori mstaafu, mzee wa mabega mapana ambaye wote walimwita Breki. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, asubuhi, walichomwa sindano mbili mbili kwenye mkono mmoja uleule, wakalala pale kwa saa nne nzima, damu ikitoka na kurudi.

Breki alikuwa ameanza kukosa. Wiki hii siku moja, wiki inayofuata mbili. Ndipo mkewe alipomngoja Bibi Pindo kwenye korido.

"Dada yangu, mwenzako anataka kuacha kabisa. Anasema amechoka kutobolewa kama gunia. Daktari kasema akiacha ni wiki mbili, hazifiki tatu. Mimi na watoto tumesema mpaka mate yametukauka. Mtafutie neno."

Bibi Pindo hakuwa mtu wa maneno. Alichokuwa nacho ni simu, na ndani yake vipindi vya kusikiliza alivyowekewa na mjukuu wake wa kike. "Bibi, hizi ni podikasti," mjukuu alimwambia. "Unachagua, unasikiliza, saa zinakwenda." Visikilizio vilikuwa vya waya, kimoja sikio hili, kingine lile. Sista wa zamu alipomwona bibi anajinyoosha na waya haumfikii jirani yake, alikisogeza kiti cha Breki bila kuombwa, ingawa tangu siku hiyo yeye mwenyewe ilimbidi azunguke nyuma kila alipotaka kupita.

"Jirani, weka hiki sikioni."

"Nini hiki?"

"Dawa ya kununa. Weka."

Breki hakuwa mwepesi wa kupendezwa. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha vijana wawili wachekeshaji. "Wanacheka wao kabla sisi hatujacheka," alisema. Cha pili kilikuwa cha mambo ya ndoa.

"Huyu dada ameolewa?"

"Nitajuaje mie?"

"Hajaolewa. Zima."

Cha tatu kilikuwa cha afya. Mtangazaji, kwa sauti tamu, aliwahimiza wasikilizaji wanywe glasi nane za maji kila siku. Breki aliruhusiwa vikombe viwili tu, maana maji yakizidi hupanda mapafuni. Akainua kichwa, akapaza sauti.

"Glasi nane! Jamani, mwenye glasi nane humu ndani anikopeshe!"

Chumba kizima kiliangua kicheko, hata mwalimu wa kiti cha saba, ambaye kwa kawaida hafungui macho mpaka atolewe sindano.

Cha nne ndicho kilichomshika. Mwanamke mmoja alikuwa akitembea na kinasa sauti kwenye njia ya reli iliyokufa, stesheni baada ya stesheni, akizungumza na yeyote aliyemkuta. Stesheni zilikuwa arobaini na sita, na kila moja ilikuwa na kipindi chake.

"Treni?" Breki alibenua mdomo. "Hawa si ndio waliokuwa wakitunyang'anya mizigo?"

"Basi sikiliza walivyokufa."

Akasikiliza. Kipindi kilipokwisha hakukitoa kile kisikilizio. Wakapatana: vipindi viwili kila siku ya mashine, na hakuna wa kumtangulia mwenzake. Bibi Pindo alilishika agano hilo. Nyumbani hakugusa hata kitufe.

Wiki ya kwanza Breki hakukosa, wala ya pili, wala ya tatu. Alifika mapema kuliko wote, akawa anamhimiza sista, "Nichome haraka, mwanangu, treni inaondoka." Mkewe alimletea Bibi Pindo leso aliyoishona kwa mkono. Pindo la leso lilikuwa limekwenda upande, na bibi, aliyewahi kuwafumulisha wanafunzi wake kazi nzuri kuliko ile, alisema ni nzuri, na akaitumia.

Ijumaa ya wiki ya tano walifika stesheni ya thelathini. Pale aliishi mjane wa mkuu wa stesheni, ambaye kila asubuhi aliipiga kengele ingawa treni haikupita tena. Kipindi kiliishia mahali ambapo mama huyo anaamka na kukuta kengele imeibwa.

"Kaichukua nani?" Breki aliuliza. "Yule mpwa wake, au?"

"Tutajua Jumatatu."

"Jumatatu ni mbali, jirani."

Ni kweli ilikuwa mbali. Kutoka Ijumaa hadi Jumatatu ndiko kulikowatesa wote mle chumbani: miguu hujaa, pumzi hupungua, usingizi unaupata umekaa. Bibi Pindo aliyajua hayo mwilini mwake. Wiki hiyo mwanawe alikuwa amemnunulia simu mpya, na ile ya zamani ilikuwa bado mkobani. Akamtazama mzee wa watu, akamwonea huruma.

"Chukua hii, na visikilizio vyake," alisema. "Vyote vimo, mpaka cha mwisho. Jumatatu utanisimulia."

Breki aliipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu kiti cha nne kilikuwa kitupu. Bibi Pindo alijiambia labda ni mafua. Jumatano kilikuwa kitupu tena. Sista alikifuta vumbi, akakitandika shuka safi. Hapo ndipo akili ilipomjia bibi, polepole, sindano zikiwa mkononi na hawezi kuinuka. Kilichokuwa kikimleta mzee yule pale hospitali kilikuwa kile kipindi. Naye amekitia mkononi mwake, akampa aende nacho nyumbani.

Alhamisi, siku yake ya kupumzika, alikwenda. Mke wa Breki alimfungulia, macho yamemvimba.

"Ulimpa ile simu kwa nini, dada?"

"Nilimhurumia."

"Kamnyang'anye. Wewe utaweza. Sisi hataki kutusikiliza."

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Breki alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, kwa kuwa hakuweza tena kulala chali. Miguu ilikuwa imevimba hata vidole vimepotea. Simu ilikuwa kifuani, ikizungumza.

"Jirani!" Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Si mpwa. Mama mwenyewe ndiye... aliizika kengele. Usiku. Alikuwa amechoka."

"Njoo kesho tumalizie wote," Bibi Pindo alisema. "Nimekuja kukuomba."

"Sindano sikuzitaka tangu zamani. Nilikuwa nazivumilia kwa ajili ya haya mazungumzo. Ulikuwa hujui?"

Bibi Pindo alitaka kusema hajui. "Nilijua," alisema.

"Basi usinikasirikie."

Mkewe alisimama mlangoni. Bibi Pindo akanyoosha mkono, akaichukua simu. Breki hakumzuia, wala hakuwa na nguvu za kumzuia, ila macho yake yaliifuata. Ilikuwa nyepesi. Angeitia mkobani, na huenda kesho mzee angekuja, na kesho kutwa angetukana, lakini angekuwa hai wa kutukana. Akatazama kioo. Chaji ilikuwa imebaki kidogo sana. Stesheni ya thelathini na tisa.

Kisha akaiona chaja ukutani, akauvuta waya wake mpaka kitandani, akaichomeka simu na kuirudisha palepale kifuani.

"Kaa basi," Breki alisema, akachomeka visikilizio, akampa kimoja.

Akakaa. Stesheni nane zilikuwa zimempita, na kila alipopotea Breki alimweleza, maneno mawili, pumzi, maneno mawili. Walisikiliza kimoja, na nusu ya kingine. Breki akasinzia. Bibi Pindo alikizima, akamwachia pale alipofikia.

Nje, mke wa Breki alikuwa amekaa kizingitini.

"Umemwachia."

"Nimemwachia."

"Sitakusamehe."

"Najua, mdogo wangu."

Yule mama akainuka. Uso ulikuwa umefungwa, na hakumtazama. Ngazi za nje zilikuwa mbovu, na Bibi Pindo alikuwa akiitafuta ya kwanza kwa mguu. Mke wa Breki akamwendea kumshika, akasita, kisha akamzunguka nyuma mpaka upande wa pili, amshike mkono wa kulia, maana wa kushoto ndio wa mashine, na mkono wa mashine haushikwi. Akamteremsha ngazi moja moja mpaka barabarani.