Mkuki wa Picha

Cheche ziliruka zikamwunguza Maliro kifuani, lakini hakuzipangusa, kwa sababu Kasika alikuwa amemwomba asitikisike mbele ya kamera. Mkewe Débora alikuwa akivukuta moto. Tumboni hawakuwa na kitu. Waasi walioshika barabara ya Beni walikuwa wameng'oa mihogo yao yote, mibichi kwa iliyokomaa.

Kasika alitoka Butembo, kwenye shirika lililotaka kuhifadhi kazi za mikono za Wanande zisizikwe pamoja na wazee. Maliro alimpenda kwa hilo. Alimwonyesha hata namna ya kunywesha chuma maji, jambo ambalo baba yake hakumfunulia mtu wa nje. Lakini jembe alilokuwa akifua lilipokamilika, Kasika alizima kamera.

"Papa, jembe kila mutu anaijua. Utufulie mukuki, sawa ya bankambo, babu zetu."

"Lakini basoda balikataza. Bakiona, batasema niko nafulia Mayi-Mayi, banaopigana nabo."

"Ni ya picha tu. Komanda yabo mwenyewe alinipatia ruhusa."

Maliro alimtazama mkewe. Débora akainamisha kichwa. Mwishowe Maliro akafua. Ukatoka mkuki mzuri kuliko wowote wa baba yake, na kwa kitambo hicho akasahau njaa.

Kasika akaondoka nao kwa pikipiki. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari wa waasi wakaukuta. Ile ruhusa ya komanda hakuna aliyeijua pale. Wakamwuliza ni nani aliyeufua, naye, kwa kuogopea roho yake, akataja jina na kijiji. Wakamwachia yeye na kaseti zake.

Kesho yake wakafika Kalunguta, kijijini kwa Maliro. Hawakumwuliza Maliro swali hata moja. Waliilaza mikono yake juu ya fuawe wakaiponda kwa nyundo yake mwenyewe, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, bila haraka. Débora walimwekea bunduki shingoni ili asigeuze uso.

Miezi ikapita. Picha zikaonyeshwa Butembo, katika ukumbi uliojaa wafanyabiashara na watu wa kanisa, komanda akiwa mstari wa mbele. Kasika alikuwa ametuma gari limlete Maliro, akamvika koti la kuazima lenye mikono mirefu iliyofunika kila kitu. Akamwinamia, machozi yakimlengalenga.

"Papa, tushukuru Mungu tulipigaka picha mbele ya ile siku. Sasa kazi yako haiwezi kupotea."

Maliro alikuwa amebanwa na mkojo, na Débora, ambaye ndiye humfungulia suruali, walikuwa wamemzuia mlangoni.

Komanda akasimama, akasema kwamba watu wasiotunza urithi wa mababu zao hawana kesho. Ukumbi ukapiga makofi. Kisha akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha, ambako nyundo ilikuwa imetoka tu kuteremka juu ya chuma chekundu.

"Rudisha ile fasi ya nyundo," akasema. "Iko muzuri."

Kasika akarudisha kaseti.