Akapunguza Mwendo

Msahihishaji alikuwa na penseli nyekundu na mdomo mkali, na kwa miaka ishirini na miwili alijigamba kwamba yeye hasomi vitabu, anavikagua. Kitabu kikishatoka mtamboni hakigusi tena. Akiguse cha nini, na keshakipitia mara nne?

Siku hiyo alikuwa na kitabu cha saba, cha mwisho, cha Mama Majoka, mwandishi waliyembandika jina hilo ofisini kwa sababu ya majoka yake yanayoteketeza miji. Kesho yake kilikuwa kinakwenda kuchapwa. Akafika pale malkia, aliyekwisha kupona mguu, anapovuka daraja na yule mhunzi waliyekuwa wakitukanana naye tangu kitabu cha kwanza. Mhunzi kazeeka, anahema. Hakuna busu, hakuna kiapo. Sentensi moja tu: "Malkia akapunguza mwendo."

Mwili ulimsisimka. Kisha akakumbuka. Jamani! Katika kila kitabu cha nyuma kulikuwa na mahali malkia anachechemea, na mhunzi, huku akimtolea maneno, anapunguza mwendo. Na mara zote sita yeye, kwa mkono wake mwenyewe, aliikata sentensi hiyo na kuandika pembeni: marudio. Penzi lote lilikuwa mle, naye kalifyeka kama magugu! Wasomaji wangeifikia hii ya saba na kuipita bila kuhisi kitu.

Alibeba karatasi zake mbio mbio hadi nyumbani kwa Mama Majoka, akakiri kosa akiwa bado mlangoni.

Mama yule alicheka mpaka akashika mbavu. "Vitabu vile pale. Fungua, usome."

Akafungua cha kwanza, cha pili, cha tatu. Sentensi ilikuwepo. Ilikuwepo katika vyote sita.

"Wewe ukikata, mimi nairudisha kwa mpiga chapa siku ya mwisho. Ungefungua hata kimoja, ungenikamata zamani!"

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia, ungeiona kwa macho tu. Nilikuwa nangoja uifikie mwenyewe."

Akafunika kitabu cha sita. Vita vyote vile, mafuriko, majoka, na chini yake watu wawili wanazoeana hatua, mwaka baada ya mwaka, bila wao wenyewe kujua. Alijiona mdogo mno mbele ya kitu hicho, na akafurahi kuwa mdogo.

Mume wa Mama Majoka alitoka chumbani na mkongojo wake, wakamsindikiza mgeni hadi getini. Mama huyu, ambaye ofisini hutembea kama anayefukuzwa, alitembea taratibu kabisa ubavuni mwa mumewe, huku akimgombeza kwa taa aliyoiacha ikiwaka.

Msahihishaji aliwatazama mpaka walipogeuka kurudi ndani. Kisha akaegemeza karatasi ukutani, akatoa penseli, na kando ya sentensi ambayo safari hii hakuna aliyeikata, akaandika neno ambalo hakuwahi kumwandikia Mama Majoka hata mara moja: iachwe.